Bi Cordelia Ostrander: Miaka Ishirini na Tisa ya Penseli ya Buluu, na Dakika Saba za Bata Bukini

Ijumaa ya tarehe 29 Septemba 1961, Bi Cordelia Ostrander, Mkuu wa Idara ya Ukaguzi wa Miswada, anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utangazaji kwa miaka ishirini na tisa kasoro siku nne. Hizo siku nne amesisitiza mwenyewe zitajwe. Mhariri wa jarida hili alipendekeza tuseme "miaka ishirini na tisa" tu, akajibiwa kuwa uongo mdogo hukua haraka kuliko mtoto wa sungura.

Aliingia mlangoni petu Jumatatu ya tarehe 3 Oktoba 1932, akitokea Astoria, Oregon, ambako baba yake alikuwa karani katika kiwanda cha kusindika samaki. Aliajiriwa kupiga taipureta. Wiki ya tatu alipewa mswada wa tamthilia ya mapenzi aunakili, akaurudisha ukiwa umepungua kurasa mbili. Mkuu wake alipouliza zimekwenda wapi, alijibu kwamba yule daktari na yule muuguzi walikuwa wamebaki peke yao chumbani kwa muda mrefu mno, na yeye amewafungulia mlango. Mwezi uliofuata alihamishiwa Ukaguzi, akapewa dawati, muhuri na penseli ya buluu.

Wageni kazini hawafahamu vizuri Ukaguzi ulikuwa nini enzi za redio. Kila neno lililokusudiwa kusemwa hewani, liwe la mhubiri, la mchekeshaji au la tangazo la dawa ya meno, lilipaswa kufika mezani kwa Bi Ostrander saa arobaini na nane kabla. Lililopita liligongwa muhuri. Lisilopita lilipigwa mstari wa buluu, na hapo hata rais wa kampuni hakuwa na rufaa. Waandishi walimwita Mkasi. Alijua, na nadhani hakuchukia.

Mimi dawati langu lilikuwa nje ya mlango wake kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo naweza kueleza jambo ambalo wengi hawakulijua. Alikagua kwa sauti. Alifunga mlango, akausoma mswada wote kwa sauti za wahusika: jambazi, bibi harusi, padri, mlevi. Siku ya kwanza nilidhani ana wageni, nikapeleka chai vikombe vinne. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Inez, huwezi kujua kama mstari una adabu mpaka uusikie ukitoka mdomoni mwa mwenyewe." Vikombe vile vinne akavinywa vyote, maana hakupenda kitu kipotee bure.

Kazi yake iliyompa sifa na maumivu ya kichwa kwa pamoja ilikuwa kipindi chetu cha mkesha wa Krismasi, "Krismasi ya Zizini". Wasomaji wenye umri wanakikumbuka: bendi, kwaya ya watoto, waimbaji wawili watatu, na wale wanyama wa katuni ambao nchi nzima iliwajua kutoka sinema. Walikuwa saba: nguruwe Pomfret, punda Ezra, jogoo, mbuzi, paka, chura, na bata bukini aliyeitwa Bibi Tansy. Wote saba walikuwa mtu mmoja, Bwana Roscoe Pettijohn, mwanamume mnene mwenye tai za rangi za kutisha, aliyeweza kugombana na nafsi yake kwa sauti saba bila kuvuta pumzi.

Bwana Pettijohn aliamini kwamba kipindi bila neno moja la magendo ni chakula bila chumvi. Bi Ostrander aliamini kwamba chumvi husababisha shinikizo la damu. Kwa miaka sita walipigana vita vya karatasi ambavyo faili lake lote ninalo. Hizi ni baadhi ya hukumu:

"Punda anaweza kuitwa punda na wanyama wenzake. Akiitwa hivyo na binadamu, linageuka tusi."

"Jogoo anaruhusiwa kuwika. Haruhusiwi kuwatazama kuku kwa namna iliyoelezwa ukurasa wa tisa."

Kwa hili la pili Bwana Pettijohn alipanda ngazi mwenyewe hadi kwetu. "Bi Ostrander, hii ni redio! Nani atamwona anavyotazama?"

"Mimi nimemwona," alijibu, "na nilikuwa nasoma tu."

Mwaka 1943 mdhamini wetu, kampuni ya sabuni, alitaka Pomfret aoge hewani ili taifa lisikie povu. Bi Ostrander aliandika kwamba nguruwe yeyote anayeoga mbele ya familia zilizoketi sebuleni lazima awe amevaa nguo. Wakabishana siku mbili. Mwishowe Pomfret alioga akiwa na koti, na mtu wa vishindo, yaani mtengeneza milio ya studio, alilazimika kubuni mlio wa sufu iliyolowa.

Bwana Pettijohn akabuni ujanja. Akawa anatanguliza mstari mchafu kupindukia, makusudi, ili Mkasi ukate huo na kuusahau ule mdogo uliojificha chini yake. Ujanja ulifanya kazi mwaka mmoja. Mwaka wa pili mswada ulirudi ukiwa na mistari miwili ya buluu, na pembeni kumeandikwa: "Nimekula chambo, na samaki pia nimemwona."

Sasa nifike kwenye Jumanne ya tarehe 24 Desemba 1946, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Kipindi kilirushwa mara mbili, moja kwa moja: saa kumi na moja jioni kwa ajili ya watu wa Mashariki ya nchi, ambako tayari ilikuwa saa mbili usiku, kisha tena ilipofika saa mbili huku kwetu. Studio ilikuwa na watazamaji mia tatu na ishirini, wengi wao watoto waliofungwa tai kwa nguvu. Mwakilishi wa mdhamini, Bwana Leland Crutchfield, alikuwa amekwisha kumwambia mtayarishaji wetu, Bwana Sid Morgenthal, kwamba kampuni inafikiria kuhamishia fedha zake kwenye magazeti. Mkataba ulikuwa unaisha Januari. Watu arobaini na wawili walikula kwa kipindi kile na vipindi ndugu zake vya kila wiki, na wote walikwenda kazini siku ile wakitembea kama waliobeba mayai.

Bwana Crutchfield alikuja na magunia manne. Ndani yake mlikuwa na sabuni ya kampuni, iliyokunwa laini kama nazi, inyunyizwe kutoka darini iwe theluji wakati kwaya inapoanza kuimba. Bwana Morgenthal alikimbia kumuuliza Bi Ostrander kama jambo hilo linahitaji kibali, na nadhani alikuwa anaomba moyoni ajibiwe ndiyo. Alijibiwa, "Theluji haisemi, Bwana Morgenthal. Mimi nakagua yanayosemwa." Hilo ni kosa pekee la kikazi ninalomjua, na ameniruhusu kulitaja.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji mtelemkoni. Ikafika dakika ya kumi na tisa. Kwaya ikasimama. Jogoo alitakiwa awike kuitangaza alfajiri ya Krismasi, na Bwana Pettijohn akarudisha kichwa nyuma, akapanua kinywa chake kikubwa, akaanza, "Kokoriko..."

Wale wa darini wakamimina magunia yote manne.

Naomba mfikirie kilo nyingi za sabuni zikitua kwa mpigo mmoja. Kuwika kukakatika katikati, kama redio iliyokanyagwa. Bwana Pettijohn alikohoa, akameza, akakohoa tena, na kila alipojaribu kusema, povu lilimtoka. Kijana wa maji akamletea glasi, akanywa, na hapo mambo yakaharibika kabisa, kwa sababu kila mtu aliyewahi kufua anajua maji hufanya nini kwa sabuni. Watoto wa kwaya wakaanza kupiga chafya kwa zamu. Kiongozi wa bendi akaashiria tarumbeta ziokoe jahazi, nazo zikatoa mapovu matatu makubwa na mlio wa bomba la jikoni.

Mbele yetu kulikuwa na dakika saba za Baraza la Wanyama: wanyama saba, sauti saba, mtu mmoja, na mtu huyo anatoa povu. Ukimya wa nusu dakika ungetosha wakubwa wetu wa New York watuondoe hewani na kuweka muziki wa piano. Nyuma ya kioo, Bwana Morgenthal alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono yote miwili kama mtu anayepima tikiti sokoni. Bwana Crutchfield alikuwa anavaa kofia.

Bi Ostrander alikuwa ameketi ukutani kando yangu, mswada magotini, saa mkononi, kama alivyofuatilia kila kipindi. Nilimsikia akihesabu kwa mnong'ono. Alipofika tisa alisimama.

"Shika hii," akasema, akanipa penseli ya buluu. Sikuwahi kuigusa kabla ya siku ile.

Akaenda mbele, akiteleza kidogo, akasimama kwenye maikrofoni. Akaziweka chini karatasi za mswada. Kisha ikatoka sauti ambayo mimi peke yangu katika jengo lile niliwahi kuisikia, tena kupitia mlangoni: ya bata bukini mzee, mwenye hasira, aliyelelewa vizuri.

"Kwaaak! Kimya huko zizini! Nani kawafundisha ndama kupiga chafya mbele ya wageni?"

Watoto wa kwaya, masikini, wakanyamaza wote. Kisha mmoja akapiga chafya, na ukumbi ukacheka.

"Mimi ni Bibi Tansy," akaendelea. "Kama mlivyosikia, jogoo amenyamaza. Miaka sita namwomba Mungu amnyamazishe, na leo, kwa kuwa ni Krismasi, kanijalia. Baraza limefunguliwa. Pomfret! Sema unachotaka kusema."

Bwana Pettijohn alikuwa amepiga magoti, macho yamemtoka. Alimtazama adui yake wa miaka sita. Akaukaribia ule mguu wa maikrofoni na kutoa kitu alichoweza: mgugumo mrefu wa mapovu.

"Mmesikia wenyewe," akasema bukini. "Nitawatafsiria. Anasema tumpe mkulima zawadi ya... Neno la tatu naliacha, kuna watoto."

Nilimwona Bwana Pettijohn akielewa. Uso wake ulibadilika kama taa iliyowashwa. Akagugumia tena, mara hii kwa mbwembwe, akipandisha na kushusha, na akamalizia kwa sauti ya uchokozi mtupu.

"Hapana," akasema bukini. "Hapana, Pomfret. Hilo nalo hapana. Hilo hata gizani hapana. La mwisho linaruhusiwa: amesema 'Krismasi'."

Nimefanya kazi redioni miaka thelathini na sikuwahi kusikia kicheko cha namna ile. Kilikuja kama lori la mawe. Kikaendelea. Punda Ezra aligugumia, bukini akamkatalia. Mbuzi akagugumia, akaambiwa apeleke maombi yake kwa maandishi saa arobaini na nane kabla. Paka alipata kibali cha herufi moja. Bwana Crutchfield alikuwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, anajifuta machozi kwa tai yake mwenyewe.

Dakika ya sita ndipo ulipotoka ule mstari. "Pomfret," akasema bukini, "geuka huku unapoongea na mimi. La, la, rudi ulivyokuwa. Nilidhani ule ndio uso."

Mwanamke mmoja safu ya tatu alitolewa nje kwa kushindwa kupumua.

Kipindi kilipofungwa kwa wakati, zikiwa zimebaki sekunde mbili, watu walimkimbilia Bi Ostrander kumbeba. Hakuwepo. Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma, ameketi kwenye kipandio cha tatu, mkoba mapajani.

"Inez, nimesema dakika saba bila kibali."

"Walicheka, Bi Ostrander! Hata Crutchfield kacheka."

"Sikuuliza kama walicheka. Nauliza, kulikuwa na adabu?"

Nikafikiri. "Kwa sehemu kubwa," nikasema.

Akanyosha mkono. "Nipe penseli yangu."

Ndipo ilipotokea kioja ambacho wageni hukidhania chumvi. Daktari alikuwa amemkataza Bwana Pettijohn kusema hata neno, na kipindi cha pili kilikuwa kinatungoja saa mbili. Bi Ostrander akaniamuru niyapige taipureta yote aliyoyasema, kwa kumbukumbu yangu na yake. Kisha akafunga mlango, akajikagua. Alipotoka alikuwa amejikata mistari minne. Lile la kumwomba Mungu dhidi ya jogoo lilikwenda. Lile la gizani lilikwenda. Na uso wa Pomfret ulipigwa mstari wa buluu mara mbili.

Bwana Pettijohn, asiyeweza kusema, alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: USIKATE HILO LA USO NAKUSIHI. Akakisukuma mezani.

"Sheria ni msumeno, Bwana Pettijohn."

Akaandika tena: NI MSTARI BORA KULIKO WOTE NILIOWAHI KUANDIKA MAISHANI, NA SIKUUANDIKA MIMI.

Bi Ostrander alikisoma kile kikaratasi. Akakikunja, akakitia mkobani. Lakini mstari ulibaki umekatwa.

Saa mbili tukarudia. Hakukuwa na theluji. Kila kitu kilikwenda kwa kibali, neno kwa neno, na ukumbi ulicheka sawasawa. Ikafika dakika ya sita ya Baraza. Pomfret akagugumia, na pale palipokatwa Bwana Pettijohn akafanya kitu kidogo tu: akageuka, akampa bukini mgongo, akasubiri. Bi Ostrander alitazama mswada. Akatazama ile suruali kubwa. Mimi nikahesabu hadi nne.

"La, la," akasema bukini taratibu, "rudi ulivyokuwa. Nilidhani ule ndio uso."

Asubuhi ya tarehe 26, Bwana Morgenthal alikuta mezani taarifa rasmi ya uvunjaji wa kanuni. Ninayo nakala. "Mkaguzi: C. Ostrander. Mkosaji: C. Ostrander. Kosa: kutamka hewani mstari uliokwisha kukatwa. Hatua inayopendekezwa: onyo kali. Maelezo: mkosaji amekiri, ila hakuonyesha majuto ya kutosha." Bwana Morgenthal alikataa kusaini kwa wiki nzima. Alisaini pale alipoambiwa kwamba kukataa nako kutaandikiwa taarifa.

Hayo huwa tunayasimulia kwenye sherehe. La Januari hatulisimulii sana, na kwangu mimi ndilo kubwa zaidi.

Mkataba ulihuishwa, miaka mitano. Lakini koo la Bwana Pettijohn lilihitaji wiki sita za kimya, na daktari alisema kuwika kwa jogoo hakutarudi kamwe. Kampuni ya katuni ikatuma mtu na mkataba mpya: Bi Ostrander awe sauti ya wanyama wote, na Bwana Pettijohn ashukuriwe kwa huduma zake. Niliingia kuchukua maelezo ya kikao kile. Bwana Pettijohn alikuwa ameketi korido nje, tai yake safari hii nyeusi, kofia mikononi, na hakunitazama nilipopita.

Yule mtu alizungumza robo saa. Bi Ostrander alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Bukini haongei peke yake. Bukini anayeongea peke yake ni mwendawazimu, na wendawazimu hatuwarushi kabla ya saa tatu usiku."

"Lakini Bi Ostrander, yule bwana hana sauti."

"Alikuwa nayo wapi mkesha wa Krismasi? Na mlicheka. Mimi nilikataa tu. Mtu hawezi kukataa kama hakuna wa kumwomba." Akausukuma mkataba urudi upande wa pili wa meza. "Wawili, au hakuna."

Wakawa wawili. Nilipofungua mlango, Bwana Pettijohn alikuwa amesimama karibu nao mno kwa mtu asiyesikiliza. Bi Ostrander alimpita bila kusimama, akamwambia, "Mswada wako saa arobaini na nane kabla, kama kawaida. Usifikiri nimelainika."

Kwa Krismasi kumi zilizofuata, hadi "Krismasi ya Zizini" ilipofungwa mwaka 1956, Bibi Tansy alisimamia Baraza la Wanyama. Jogoo hakuwika tena, naye bukini alitangaza kila mwaka kwamba jogoo anawasalimu. Mistari ya bukini iliwasilishwa kwa Bi Ostrander na Bi Ostrander kwa wakati. Mwaka 1951 aliukataa ukurasa wake wote, akajitaka aandike mwingine.

Alihamia nasi kwenye televisheni bila furaha na bila malalamiko. Amewafunza wakaguzi kumi na mmoja, ambao wengine sasa wanatisha kumzidi. Hakuwahi kuchelewa kazini, isipokuwa Februari moja ya mafuriko, alipofika ndani ya gari la maziwa.

Bwana Pettijohn, aliyestaafu kabla yake na anayepanda maua ya waridi Pasadena, atakuwepo Ijumaa, na ameahidi kutohutubia. Bi Ostrander anarejea Astoria kuishi na dada yake. Kanisa la huko limekwisha kumwomba awe kondoo katika igizo la Krismasi. Aliuliza kondoo huyo ana mistari mingapi. Akajibiwa kwamba hana hata mmoja.

Amewaandikia kwamba hilo litarekebishwa.

Kwa niaba ya wote uliotukata, ukatunyoosha, na siku moja ukatuokoa: asante, Bi Ostrander. Afya njema, usingizi mzuri, na majirani wenye adabu. Wachungaji wa Astoria tunawaombea subira.

Inez Bravermann
Idara ya Miswada